Kumbe Haukuwa Mkosi, Ulikuwa Unga

Kila mwezi nakaa hapa nakushauri wewe: msamehe, mvumilie, zungumza naye, huyo achana naye. Mwezi huu ni zamu yangu kuumbuka. Nataka nikuelezee kosa nililomfanyia wifi yangu kabla hajawa wifi yangu, maana nina hakika kuna mtu analifanya kosa hilo hilo sasa hivi, tena kwa nia njema kabisa.

Mimi kwetu Masasi. Mwaka 2019 mdogo wangu wa kiume alipiga simu kwamba amepata mchumba, binti wa kijiji kimoja upande wa Newala, fundi cherehani. Nyumbani tukashangilia, maana kijana alishaanza kutuzeekea. Kumbe kuna jambo alilificha mpaka siku ya kumleta.

Siku hiyo tumekaa barazani, mama, mjomba, shangazi, na mimi niliyetoka Dar kwa ajili hiyo tu. Bajaji ikasimama. Mdogo wangu akashuka, akazunguka upande wa pili, akatoa fimbo kwanza, halafu ndiyo binti akashuka.

Jamani, kutoka barabarani mpaka barazani kwetu ni hatua kama ishirini tu, lakini siku ile zilikuwa ndefu. Visigino vyake havikugusa chini. Alitembea kwa vidole, magoti yamekakamaa na yanasuguana, mguu mmoja unapita mbele ya mwenzake kama mkasi. Kila hatua unasema huyu anaanguka, haanguki. Alipofika akatusalimia mmoja mmoja. "Shikamoo mjomba. Shikamoo mama." Sauti imetulia kabisa. Sisi ndio tuliokuwa hatujatulia.

Jioni alipokwenda kulala kwa ndugu zake, tukakaa kikao.

"Mwanangu," mjomba akaanza, "umemuuliza kwao kuna nini?"

Mdogo wangu akaeleza. Binti alizaliwa mzima. Alicheza rede na wenzake kama kawaida. Alipokuwa na miaka saba, mwaka wa njaa, alilala mzima, akaamka miguu haitaki. Haikumuuma. Ilikakamaa tu, na tangu siku hiyo imebaki hivyo hivyo.

Shangazi akasema hapo pana mkono wa mtu. Mama akauliza kama si chikungunya, na hakukosea sana kuuliza, maana ugonjwa ule uliandikwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 huku huku kwetu, na jina lake lenyewe ni la Kimakonde. Lakini chikungunya inaletwa na mbu, inakuja na homa na viungo vinauma vibaya sana. Huyu hakuumwa na kiungo chochote.

Halafu wakanigeukia mimi, msomi wa familia. Na mimi nikasema kwa lugha nzuri kitu kile kile kibaya walichokuwa wanakizunguka wenzangu. Nikasema, "Mimi simkatai. Ila tufikirie watoto."

Kwa asiye wa kusini, naomba nifafanue uzito wa neno hilo. Kwetu, kwa asili, mtoto anahesabiwa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo ukisema "tufikirie watoto" umeshausema ukoo mzima wa binti, kuanzia bibi yake kushuka chini. Mjomba akatikisa kichwa. Usiku ule barua ya posa haikuandikwa.

Asubuhi mdogo wangu akanifuata jikoni. "Dada, kama unajua ugonjwa huu ni wa kurithi, nionyeshe daktari aliyesema hivyo. Kama hujui, ungenyamaza." Akaniomba niwatafutie daktari bingwa wa mishipa ya fahamu huko Dar. Nikakubali haraka sana. Nitakuambia ukweli, msomaji wangu: nilikubali kwa sababu nilitaka daktari aseme nilichosema mimi.

Tukaenda, sisi watatu. Daktari alikuwa mtu mzima, hana haraka. Kwanza alimwambia binti atembee, akamwangalia bila kusema kitu. Akamlaza, akamgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu ukaruka juu kwa nguvu. Wa pili hivyo hivyo. Akamkagua mgongo, ulikuwa umenyooka. Akampapasa nyayo kwa pamba, akaisikia yote. Halafu akamwambia asimame wima, afumbe macho. Mimi nikajisogeza tayari kumdaka. Aliyumba kidogo, hakuanguka.

Daktari akaketi. Nikajua sasa anauliza habari za ukoo. Akauliza hivi: "Mwaka ule ulipougua, nyumbani mlikuwa mnakula nini?"

"Ugali wa muhogo."

"Muhogo gani?"

"Mchungu."

"Na mboga?"

Binti akamwangalia mdogo wangu kwanza. "Chumvi," akasema.

"Muhogo mlikuwa mnauanika siku ngapi?"

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Siku? Tulikuwa tunachimba asubuhi, tunakula jioni."

Daktari akaandika neno moja, akaligeuza tulisome: konzo.

Msomaji wangu, nilitoka pale nimeishiwa nguvu, si kwa sababu ya jina lile. Ni kwa sababu ya jibu la binti. Nilikuwa mtoto mdogo Masasi mwishoni mwa miaka ya 1980, na nakumbuka usiku mmoja wa njaa nyumba nzima tulitapika. Kichwa kinazunguka, miguu haina nguvu, mama anatupa maji huku na yeye anajishika ukutani. Kulipokucha tukapona, likaisha. Tulikuwa tumekula chinyanya, ule muhogo unaotwangwa na kuanikwa, unatwangwa tena na kuanikwa tena, mpaka unga unapatikana siku hiyo hiyo. Nilichokula mimi ndicho alichokula yeye. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikula siku chache, halafu mjomba akaleta mahindi na dagaa. Yeye hakuletewa.

Sasa naomba tuingie darasani kidogo, usikimbie.

Muhogo mchungu una kitu kinaitwa linamarini. Ukiuponda au kuuloweka, kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe huivunja, na mwisho wake inatoka hewa ya sumu, sianidi, inapotea angani. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa hawana haraka na muhogo. Ukiuharakisha, sumu inabaki kwenye unga, na kusonga ugali peke yake hakuiondoi. Mwili nao una ujanja wake: unaiua sumu hiyo kwa kutumia salfa inayotoka kwenye vyakula vya protini, yaani samaki, maharage, mayai, nyama. Kwa hiyo angalia mtego ulivyo. Ukame ukija, muhogo wenyewe unazidi sumu. Mazao mengine yamekufa, kwa hiyo unakula huo huo asubuhi na jioni. Njaa inakuzuia kusubiri uanike vizuri. Na samaki wala maharage hakuna. Vitu hivyo vinne vikikutana kwa wiki kadhaa, ndipo mtoto analala mzima na kuamka amekakamaa. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa.

Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini una historia ndefu. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, huko Kongo ya Wabelgiji. Jina konzo ni la Wayaka wa huko, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Kisha ukasikika karibu na sisi. Vuka Ruvuma, pita Cabo Delgado, unafika Nampula, kwa Wamakua wenzetu. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa huko, wenyewe wakauita mantakassa. Daktari kijana kutoka Sweden, Hans Rosling, alikuwa akifanya kazi Nacala wakati huo. Alishiriki kuuchunguza na akaufanya kuwa somo la shahada yake ya udaktari huko Uppsala mwaka 1986. Yeye na wenzake wakaonyesha kwamba hakukuwa na kirusi wala uambukizi. Kulikuwa na muhogo na njaa.

Kwetu Tanzania mlipuko ulitokea Tarime mwaka 1985. Daktari bingwa William Howlett na wenzake, akiwemo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, waliuandika mwaka 1990. Na kule Masasi? Mwaka 1992 Mlingi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wa wilayani kwetu waliolewa sumu kwa kula muhogo usioandaliwa vya kutosha. Nilipousoma niliuweka chini, nikampigia mama simu. Kumbe usiku wetu ule wa kutapika haukuwa wa nyumba yetu peke yake. Konzo yenyewe ilitokea mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wagonjwa wapya wakaonekana kusini mwaka 2008 na 2009.

Usidhani ni ujinga wa akina mama. Mtafiti Thorkild Tylleskär alikuta Kwango kwamba zamani muhogo ulilowekwa siku tatu. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika na wanunuzi wakawa wengi, siku zikapunguzwa ili mzigo uwahi soko. Na kwetu je? Kuloweka kunaondoa sumu vizuri kuliko kuanika peke yake, lakini nenda juu Newala ukaulize bei ya ndoo ya maji kiangazi. Mtu anayehangaikia maji ya kunywa atayapata wapi ya kulowekea muhogo? Na muhogo mchungu anaulima kwa akili zake timamu, kwa sababu nguruwe pori na nyani hawausumbui. Haraka haraka haina baraka, ni kweli, lakini mwenye njaa hakuchagua haraka.

Haya, turudi kwenye mapenzi, maana najua maswali yenu.

La kwanza, je, unarithiwa? Haurithiwi. Wala hauambukizwi, si kwa kulala pamoja, si kwa kula sahani moja. Watoto wa familia moja wanaweza kuupata wote, na hapo ndipo watu wanaposema ukoo, lakini walichorithi ni chungu kimoja.

La pili, utamzidi? Konzo inakuja ghafla, kwa kawaida ndani ya siku chache, halafu inasimama hapo hapo. Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo mwaka 1996: miguu yote miwili imekakamaa, ilianza ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, haiendelei kuzidi, na mgongo hauna tatizo. Wapo wanaotembea bila fimbo, wapo wa fimbo moja au mbili, wapo wasioweza kutembea. Ila mtu akirudia kula unga wenye sumu anaweza kupigwa tena na kuwa vibaya zaidi. Kwa hiyo mke au mume wa mgonjwa ana kazi jikoni.

La tatu mnaliuliza kwa kunong'ona, ngoja mimi niliseme wazi: ya chumbani. Ugonjwa unakakamaza misuli, hauondoi hisia. Anahisi kama wewe unavyohisi. Wanachohitaji wawili hao ni uvumilivu na kuzungumza, na hayo hata sisi wenye miguu mizima yanatushinda. Kuzaa anazaa. Ila kwa kuwa mapaja yamekaza, ahudhurie kliniki mapema, amweleze mkunga hali yake, na azalie hospitali.

La nne, kuna dawa? Dawa ya kuirudisha miguu hakuna. Kuna mazoezi ya viungo, kuna magongo na viatu vinavyomfaa, na wengine hufanyiwa upasuaji wa kurefusha mshipa wa kisigino. Lakini usijiamulie mwenyewe kwamba hii ni konzo. Miguu inayoishiwa nguvu pole pole, au mgongo unaouma na kupinda, inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hicho kinatibika ukiwahi.

Ipo pia ndugu yake konzo, niliyoisikia kwa daktari yule nilipomuuliza kwa nini alimfumbisha macho. Profesa Osuntokun wa Ibadan, Nigeria, aliieleza miaka ya 1960. Inawapata zaidi watu wazima waliokula muhogo miaka mingi. Inakuja taratibu, nyayo zinakufa ganzi, na mizani ya mwili inapotea. Mgonjwa wa namna hiyo macho yake ndiyo fimbo yake, akiyafumba anaanguka. Wifi yangu nyayo zake zinaisikia ardhi, ndiyo maana hakuanguka.

Kinga ipo, na ni ya bei ya ndoo nusu ya maji. Ilibuniwa na Howard Bradbury, mkemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Weka unga wa muhogo kwenye beseni, usawazishe, tia alama ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo huku unachanganya. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka au ungo, wembamba usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inaondoka na hewa. Halafu songa ugali wako siku hiyo hiyo, usiulaze. Njia hii ilifundishwa kwa akina mama wa kijiji kimoja cha Kwango kuanzia mwaka 2010, na wakati wa mradi huo hakupatikana mgonjwa mpya hata mmoja. Akina mama wa kusini mwa Tanzania nao walifundishwa.

Basi, tuliporudi Masasi nilimwomba mjomba aitishe kikao tena. Nikasema mbele ya wote kwamba nilizungumza nisilolijua. Mjomba akakaa kimya kidogo, akasema, "Hujafa hujaumbika." Sikujua anamwambia binti au ananiambia mimi. Barua ikaandikwa usiku ule ule.

Lakini kuomba radhi kwa wajomba ni rahisi. Nilipopanda Newala na wapeleka posa nilimkuta yeye uani, amekaa kwenye mkeka, anatandaza unga ule kama tulivyoelekezwa Dar. Nikachuchumaa.

"Wifi, mimi ndiye niliyesema tufikirie watoto."

Hakuinua kichwa. "Najua. Aliniambia."

Kimya. Nikatafuta la kuongeza, sikulipata. Miaka yote ya safu hii, maneno yakanikimbia pale uani. Mwishoni akanisogezea ungo.

"Hebu shika upande huo wifi, jua linaondoka."

Nikashika. Mpaka leo hajaniambia kama amenisamehe, na mimi sijamdai. Ila nikienda kwao natandaziwa mkeka na kupewa kazi, na kwetu mgeni hapewi kazi.

Wana binti mmoja sasa. Anakimbia mpaka kuku wa jirani wamemkoma, na mama yake anamwita kutoka kwenye cherehani bila kunyanyuka. Anamwangalia miguu yake wakati anakimbia. Nimemwona akimwangalia hivyo, na kila mara mimi ndiye ninayegeuza macho.

Kwa hiyo, kaka yangu, dada yangu, wewe ambaye mchumba wako ana fimbo na ndugu zako wameshakaa kikao: mwambie anayekuuliza "kwao kuna nini" aanze na swali la yule daktari. Mwaka ule walikuwa wanakula nini?

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.